Jinsi ya kutengeneza kelele inayochezwa na kivuli cha mkono, halafu ukaisemesha na kioo cha laptop

Wakuu, naandika hii mara moja tu ili nisirudie kila siku, maana tangu niweke ile kitu mezani kwa jamaa yangu kila mtu anauliza "ile app inaitwaje". Hamna app. Kuna IC moja (kile kidude cheusi chenye saketi ndogo ndani) yenye miguu 14, betri ya volti 9 ile ya mraba, vijicho viwili vya mwanga, sabufa ya sebuleni na laptop ya zamani ambayo kibodi nusu imekufa ila maiki na kioo vinafanya kazi. Unapitisha mkono, sauti inashuka, duara kwenye kioo linanywea, ukitoa mkono linavimba tena na sauti inapanda. Na kitu ambacho watu hawaamini mpaka wainame wachungulie nyuma ya meza, hakuna waya hata mmoja unaotoka kwenye ile bodi kwenda kwenye laptop. Laptop inaisikia bodi kwa maiki, bodi inaiona laptop kwa vijicho, basi, zinasemeshana hivyo hivyo kama majirani waliogombana wanaotumiana maneno kupitia mtoto. Mkono wako ndo mtoto.

Najua wengi mnataka kuanza na Arduino, ile bodi ndogo ya kuprogramu. Sio mbaya, mi mwenyewe ninayo, ila nimeona watu wanaanza nayo Jumamosi asubuhi, mpaka jioni wako kwenye draiva na kebo ya USB inayochaji tu haipitishi data, sauti hata moja haijatoka, na Jumapili hawarudi tena. Hii yangu inalia ndani ya nusu saa. Ikishalia ndo unapata hamu ya kuendelea.

Kucheza sauti bila kugusa kitu sio wazo jipya. Mrusi Leon Theremin alikuwa nalo tangu 1920 hivi, chombo chake kina antena mbili, mkono mmoja unapandisha na kushusha noti, mwingine unaongeza na kupunguza ukubwa wa sauti, Marekani wakampa hataza mwaka 1928. Yeye alitumia mambo ya redio, mwili wa mtu ukisogea karibu na antena masafa yanabadilika. Sisi tunatumia kivuli, rahisi zaidi. Na kabla hujasema haya ni mambo ya wazungu, kuna Halim El-Dabh wa Cairo, mwaka 1944 alichukua mashine iliyokuwa inarekodi kwenye waya (kabla ya tepu hizi tulizozoea) akaenda kurekodi ngoma ya zaar, ngoma ya kupunga pepo kabisa, halafu akaingia nayo studio ya redio akaanza kuichezea, huku anakata hiki huku anaongeza mwangwi mpaka ikawa kitu kingine. Hiyo ni miaka minne kabla Pierre Schaeffer hajaanza kutengeneza muziki wa sauti zilizorekodiwa kule Ufaransa. Kwa hiyo jirani akikuuliza hizo kelele umezitoa wapi mwambie zimetoka Misri.

Haya, dukani. Nenda duka la spea za elektroniki, sio la kava za simu. Kwa Dar ni Kariakoo, Nairobi ni Luthuli Avenue, mikoani tafuta fundi redio wa zamani umuulize yeye ananunua wapi. IC unayotaka inaitwa CD40106, nyingine zimeandikwa HEF40106, ni ile ile. Chukua mbili maana moja utaiunguza, mimi ya kwanza niliiunguza ndani ya dakika tano kwa kugeuza betri, nikasikia joto kwenye kidole nikajua tayari. Muuzaji akikupa 74HC14 akakwambia "kaka hizi ni zile zile" usikubali. Miguu inafanana kweli, kazi pia inafanana, ila hiyo inakula volti 2 mpaka 6 tu, ukiipa betri ya 9 umeiua. 40106 inakula kuanzia volti 3 mpaka 15 bila kulalamika na ndo maana tunaitaka.

Vingine ni LDR mbili, vile vijicho vidogo vyenye mstari wa nyoka nyoka usoni, bredibodi moja (ile bodi ya matundu ya kuchomeka vitu bila kuunga kwa risasi), nyaya za kuchomeka, kichwa cha betri ya volti 9, kapasita mbili za seramiki zilizoandikwa 104 na moja ya 105, kapasita za elektroliti moja ya mikrofaradi 10 na moja ya 100, diodi 1N4148 moja, na rezista: za kilo-omu 100 chukua hata tano, za 10 na 4.7 mbili mbili, ya 270 moja, zote ni kilo-omu. Waya wa oksi usinunue mpya, kuna mtu kwenu ana wa zamani umekatika upande mmoja, chukua huo. Hizo namba za kapasita zisikuchanganye, 104 maana yake mikrofaradi 0.1 na 105 ni mikrofaradi 1, ukijua hizo mbili unatosha kwa leo.

Kitu kimoja sitanii nacho. Hapa tunatumia betri tu. Usifungue sabufa, usichomeke hivi vitu kwenye adapta ya kuokota usiyoijua inatoa nini, na lile redio la babu linalotumia umeme wa ukutani liache kama lilivyo, ndani yake kuna sehemu zinabaki na umeme hata ukishachomoa plagi. Volti 9 haikufanyi kitu hata ukishika kwa vidole vya jasho, na ukishika hivyo kwa kweli inatoa sauti nzuri, ila tutafika huko.

Weka IC katikati ya bredibodi, miguu ipande juu ya ule mfereji, saba huku na saba huku. Igeuze ile alama ya nusu duara iwe kushoto kwako. Sasa mguu namba 1 uko chini kushoto, unahesabu kwenda kulia mpaka 7, unapanda juu, 8 iko juu kulia, unarudi kushoto mpaka 14 iliyo juu ya namba 1. Mguu 14 ni chanya ya betri, 7 ni hasi. Usiunganishe betri bado.

Ndani ya hiyo IC fikiria kuna vyumba sita, kila chumba kina mlango wa kuingilia na wa kutokea. Upande wa chini, 1 unaingia 2 unatoka, 3 unaingia 4 unatoka, 5 unaingia 6 unatoka. Upande wa juu wameugeuza, 9 unaingia 8 unatoka, 11 unaingia 10 unatoka, 13 unaingia 12 unatoka, na hapo juu ndipo watu wengi wanapokosea. Kila chumba ni kibishi, ukikiingizia umeme wa juu kinatoa wa chini, ukikiingizia wa chini kinatoa wa juu. Sasa sisi tunamfanya huyo mbishi abishane na nafsi yake mwenyewe.

Chukua rezista ya kilo-omu 100, chomeka kutoka mguu 2 kwenda mguu 1. Chukua kapasita ya 104, chomeka kutoka mguu 1 kwenda hasi. Imeisha, hicho ni chombo cha sauti. Kinachotokea ni hivi, kapasita ni ndoo na rezista ni bomba. Mlango wa kutokea ukiwa juu, umeme unapita kwenye bomba unajaza ndoo, ndoo ikifika alama fulani ya juu chumba kinashtuka kinageuka, sasa ndoo inamwagika kupitia bomba lile lile mpaka ifike alama ya chini, kinashtuka tena kinageuka, na kuendelea hivyo hivyo mpaka betri iishe. Zile alama mbili kuwa mbali mbali ndo siri ya 40106, ingekuwa alama moja tu kingebaki kinatetemeka pale katikati hakijui kiende wapi. Ndoo kubwa inachelewa kujaa kwa hiyo sauti nzito, bomba jembamba nalo linachelewesha maji kwa hiyo sauti nzito vile vile. Hesabu ya haraka ni moja gawanya kwa rezista mara kapasita, omu 100,000 mara 0.0000001 unapata 0.01, moja gawanya hiyo ni mara 100 kwa sekunde. Sio hesabu ya kuapia, IC moja na nyingine hazilingani, ila inakupa pa kuanzia.

Milango ya kuingilia ambayo hujaitumia, 3, 5, 9, 11 na 13, yote ichomeke kwenye hasi. Usipofanya hivyo inadaka kila takataka ya hewani na sauti yako inakuwa na mikwaruzo usiyojua imetoka wapi. Na ile kapasita ya 100 mikro iweke kati ya chanya na hasi, mguu wenye mstari kwenye hasi, inatuliza betri.

Kutoa sauti nje. Hapa taratibu. Mguu 2 unatoa karibu volti 9 nzima juu chini, ukiipeleka moja kwa moja kwenye sabufa utaiumiza, na ukichomeka earphone masikioni utajiumiza wewe, usijaribu hata kwa utani. Kutoka mguu 2 weka rezista ya kilo-omu 100 mpaka kwenye safu tupu ya bredibodi, tuite hiyo safu stendi. Kutoka stendi weka rezista ya 10 kwenda hasi. Hapo volti 9 imeshuka mpaka kama 0.8, kitu ambacho sabufa imezoea kupokea kutoka kwenye simu. Halafu kutoka stendi weka ile elektroliti ya mikro 10, upande wa chanya stendi, upande wenye mstari unaenda kwenye ncha ya jeki ya oksi. Ule waya mwingine wa oksi, ule usio na plastiki unaozunguka, unaenda hasi. Sabufa weka sauti sifuri, unganisha betri, panda kidogo kidogo.

Ikilia, pongezi. Ni mlio mbaya tu, bzzzzz, kama inzi ndani ya chupa. Fundi mmoja mzee ninayemheshimu sana alikuja akasikiliza akaniambia "kijana, hili ni tatizo, linatengenezwa lisiwepo", na mi nikamwambia shikamoo mzee, subiri.

Sasa toa ile rezista ya 100 kati ya mguu 2 na 1, mahali pake weka LDR moja. LDR ni bomba linalopanuka likiona mwanga. Gizani kabisa inafika megaomu na zaidi, sauti inashuka mpaka unasikia tik tik tik moja moja, kwenye taa ya chumbani inapanda, ukiipeleka dirishani mchana inapanda mpaka sikio halisikii tena unadhani imekufa. Kwa hiyo iunge mfululizo na rezista ya 4.7, maana yake mguu 2, rezista, LDR, mguu 1. Hiyo rezista ni breki, hata jua liwe kali vipi sauti haipandi juu sana. Pitisha mkono sasa. Hapo ndo mzee alivuta kiti.

Kaa hapo angalau robo saa kabla ya kuongeza chochote. Utagundua vitu, kwamba LDR ni mvivu, ukifunika ghafla sauti haidondoki, inateleza, na kutoka gizani inakuwa na haraka kuliko kurudi gizani. Kwamba taa nyingi za umeme wa ukutani zinapepesa mara 100 kwa sekunde huzioni ila kijicho kinaona kidogo na sauti inakuwa na ukungu fulani, ukiwasha mshumaa inakuwa safi na inacheza cheza na moto. Kwamba ukitoa rezista na LDR ukashika miguu 1 na 2 kwa vidole viwili wewe mwenyewe unakuwa bomba, ukibana kwa nguvu inapanda, ukilowesha vidole inapanda zaidi. Nimeshawahi kuwapanga watoto watano wameshikana mikono, wa mwanzo kashika waya mmoja wa mwisho kashika mwingine, mtu akiachia mkono inanyamaza. Kwa betri tu hiyo, narudia.

Chumba cha pili ni kurudia, kapasita ya 104 kutoka mguu 3 kwenda hasi (kumbuka kuitoa 3 kwenye ule waya wa hasi kwanza), rezista ya 4.7 na LDR ya pili kati ya 4 na 3, na kutoka mguu 4 rezista ya 100 kwenda ile ile stendi. Sauti mbili zikikaribiana utasikia wau wau wau, zinapishana, hapo ndo unaanza kuelewa kwa nini watu wanakesha na hivi vitu.

Chumba cha tatu kiwe ngoma. Mguu 5 (nao utoe kwanza kwenye ule waya wa hasi) weka kapasita ya 105 kwenda hasi, na rezista ya 270 kati ya 6 na 5. Piga ile hesabu, 270,000 mara 0.000001 ni 0.27, moja gawanya hiyo ni kama 3.7 kwa sekunde, zidisha 60 ni mapigo 222 kwa dakika. Umeona hiyo namba? Hiyo ni singeli kabisa, singeli inapita mapigo 200 bila kutoka jasho. Huu mguu 6 hauendi kwenye spika, chukua diodi (inapitisha umeme upande mmoja tu), upande usio na mstari mguu 6, upande wenye mstari mguu 1. Mguu 6 ukiwa juu unakishika chumba cha kwanza kisiongee, ukiwa chini unakiachia. Kwa hiyo ile bzzzzz inakuwa bz bz bz bz bz kwa spidi ya Manzese. Ukitaka taarabu weka rezista kubwa zaidi, hata ya megaomu moja, utapata kama pigo moja kwa sekunde.

Sasa laptop. Tunatumia p5.js, ni programu ya kuchora kwa kodi, aliianzisha Lauren McCarthy mwaka 2013 kutokana na Processing ya Casey Reas na Ben Fry ya mwaka 2001, na haikudai kuinstall kitu, unafungua brauza unaenda editor.p5js.org unaandika unabonyeza pembetatu ya kuplei. Hata kwa simu inawezekana ila kuandika kodi kwa dole gumba ni adhabu.

Hapa niwaambie nilipopotezea jioni nzima. Nilianza kwa kumwambia p5 apime ukubwa wa sauti, nikategemea mkono ukipita duara libadilike. Duara likakaa tuli. Nikalaumu maiki, nikalaumu brauza, nikalaumu na laptop. Kumbe IC yangu inatoa volti 9 au sifuri, basi, haijui kunong'ona. Noti inapanda na kushuka ila ukubwa ni ule ule. Kitu cha kupima sio ukubwa, ni ukali, sauti imeelemea upande wa juu au wa chini. Kodi ndo hii, inakili kama ilivyo:

let maiki, fft;

function setup() {
  createCanvas(windowWidth, windowHeight);
  noStroke();
  maiki = new p5.AudioIn();
  maiki.start();
  fft = new p5.FFT();
  fft.setInput(maiki);
}

function draw() {
  background(0, 25);
  fft.analyze();
  let ukali = fft.getCentroid();
  print(ukali);
  let duara = map(ukali, 300, 6000, 20, height, true);
  fill(255);
  circle(width / 2, height / 2, duara);
}

function mousePressed() {
  userStartAudio();
}

Ukiplei brauza itaomba ruhusa ya maiki, kubali, halafu bonyeza panya mara moja juu ya picha, bila hiyo brauza haifungui masikio. Chini utaona namba zinakimbia, hizo ni ukali. Funika LDR zote uangalie namba inashuka mpaka ngapi, mulika tochi ya simu uone inapanda mpaka ngapi, halafu zile 300 na 6000 zibadilishe ziwe namba zako, maana maiki yako sio yangu na chumba chako sio changu. Maiki iwe karibu na spika ndogo za pembeni, sio lile boksi la besi. Kuna laptop zina kitu cha kuondoa kelele kwenye maiki, na yenyewe ikisikia mlio mmoja mrefu inadhani ni feni, inaufuta taratibu baada ya sekunde kadhaa. Ikitokea hivyo ingia settings za maiki uzime hiyo kitu.

Ile 25 kwenye background ni mkia. Ukiweka 255 hakuna mkia, duara linaruka ruka, ukishusha mpaka 10 linaacha mzimu nyuma yake, linachelewa kusahau. Kumbuka hiyo tunaihitaji sasa hivi.

Sasa mduara wenyewe, yaani laptop iisikie bodi na bodi iione laptop, kwa zamu bila kikomo. LDR ya chumba cha kwanza irefushe waya, ivishe kimrija cha karatasi nyeusi ili isione taa ya juu, ielekeze katikati ya kioo cha laptop, umbali wa kiganja kimoja hivi. LDR ya pili iache inaangalia juu, hiyo ni ya mikono ya watu. Taa ya chumba zima au punguza. Mara ya kwanza fanya bila ile diodi ya ngoma, ichomoe kidogo usikie vizuri. Plei.

Kwa kodi kama ilivyo hapo juu itatokea hivi, sauti ikipanda kidogo duara linakua, duara likikua mwanga unaongezeka, mwanga ukiongezeka sauti inapanda, duara linakua tena, ndani ya sekunde kioo kizima cheupe na sabufa inapiga mayowe. Imekwama juu. Weka mkono kati ya kijicho na kioo, inaporomoka, duara linakuwa punje, na mara nyingine ukitoa mkono inabaki imelala kule chini mpaka umulike tochi kuiamsha. Kwa hiyo ina hali mbili, imeamka au imelala, na mkono wako ndo unaigeuza. Watoto wanaipenda hii kupita kiasi.

Halafu fanya hiki kitu kimoja kidogo, kwenye mstari wa map geuza mwisho, badala ya 20, height andika height, 20. Sasa sauti ikipanda duara linanywea, giza linaongezeka, sauti inashuka, sauti ikishuka duara linavimba, mwanga, sauti inapanda, duara linanywea. Ni kama friji, baridi ikizidi inajizima, joto likizidi inajiwasha. Kama kila kitu kingekuwa na haraka ingetulia katikati ikanyamaza pale pale, ila kijicho ni kivivu na mkia wa picha unachelewa kufutika, kwa hiyo kila mara inachelewa kujua kwamba imeshapita, inarudi, inapita tena. Inapumua. Mi nilikaa naiangalia saa sita usiku nikasahau wali jikoni. Shusha ile 25 iwe 12 pumzi inakuwa ndefu, ipandishe 80 inakuwa inahema kama imekimbia. Sogeza kijicho mbali na kioo pumzi inakuwa hafifu mpaka inatulia. Yote hayo hujagusa bodi hata kidogo.

Rudisha diodi ya ngoma sasa usikie inapumua huku inapiga singeli. Hapo p5 inachanganyikiwa kidogo kwa sababu kwenye ule ukimya kati ya mapigo inasikia chumba tu, watu wanaongea, pikipiki nje, na duara linaruka ovyo. Wengine wangesema hilo ni kosa la kurekebisha, mi naliacha, ina maana mtu akipiga makofi au akicheka karibu na laptop naye anaingia kwenye mduara bila kujua.

Kuiweka mbele za watu. Usibandike maelezo, hakuna anayesoma, na anayesoma anaogopa kugusa. Mara ya kwanza niliandika karatasi nzuri kabisa hatua kwa hatua, watu wakasoma karatasi wakaondoka. Mara ya pili nikaficha bodi ndani ya boksi la viatu, nikaacha kitobo kimoja cha kijicho juu, boksi liko kimo cha mtoto wa miaka sita, na nikakaa mbali. Mtoto anapita, kivuli chake kinagusa, sauti inabadilika, anasimama. Anarudi nyuma hatua moja. Anasogea tena. Ndani ya dakika anamfundisha mwenzake na anachomfundisha sio nilichokuwa nimefikiria mimi. Bibi mmoja alikuja akaweka kiganja akakiacha pale pale muda mrefu, hakukichezesha, akasema "kamepata usingizi", akaondoka polepole asikaamshe.

Ikigoma, angalia kwanza betri, chini ya volti 7 inaanza kulialia. Halafu angalia mguu 14 na 7, halafu kama jeki ya oksi umeshika waya sahihi, hivi vya kwenye oksi vina rangi ya vanishi juu yake lazima ukwangue au upitishe kiberiti. Sauti mbili zikianza kufuatana kama zimefungwa kamba, kila moja inaburuza mwenzake, ni betri imechoka au umesahau ile kapasita ya 100, ingawa ukweli ni kwamba zikifungana hivyo huwa zinatoa vitu vitamu kuliko zikiwa huru. Ukimaliza chomoa betri, IC inakula kidogo sana ila usiku kucha na wiki nzima inaisha tu.

Na vyumba vitatu bado viko wazi, 9, 11 na 13, ukitaka kuvitumia vitoe kwanza kwenye hasi.